Maua Niliyoyaokoa Korongoni

Mimi huuza miche kando ya barabara ya Ngong, karibu na Karen, na kwa miaka mingi nilijiona bingwa wa maua. Kumbe nilikuwa bingwa wa waridi na kayaba za kuzungushia nyumba, basi.

Nyuma ya nyumba za matajiri kuna korongo ambalo hata majirani hawalijui. Niliteremka huko kutafuta udongo mwekundu, nikakuta ukuta mzima wa mwamba umechanua: maua madogo ya zambarau, kila moja limejishikiza kwenye ufa wa jiwe. Nisingeweza kukutajia jina. Nilikaa chini nikayatazama mpaka nikasahau udongo. Nilifurahi, tena nikaona aibu, maana ni maua ya kwetu na sikuwahi hata kuyaona.

Wiki iliyofuata nilikuta malori yamemwaga kifusi ukingoni. Mlinzi wa kiwanja akaniambia, "Hii yote itajazwa, mathe. Bosi anataka kujenga."

Nilirudi kwenye miche yangu nimejaa hasira. Jirani yangu wa biashara, mama wa Kakamega aliyenifunza kazi hii, alinisikiliza kisha akasema, "Toa kidogo, uache zingine. Hiyo kitu imezoea mawe, si mbolea." Sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake nilishuka na panga nikabandua yote, hata vichipukizi, huku nikijisifu kwamba nayaokoa.

Nikayapanda kama tunavyopanda kila kitu hapa: mfuko mweusi, samadi tele, maji asubuhi na jioni. Siku ya tano majani yalilegea. Nikaongeza maji. Yakaoza kuanzia shinani, mfuko baada ya mfuko, na yule mama akawa anapita, anayaona, anaendelea kumwagilia miche yake. Afadhali angenitukana.

Mvua zilipoanza nilishuka tena, walau niliage korongo kabla halijafukiwa. Kifusi kilikuwa kilekile, kimeota nyasi. Mwamba ulikuwa mtupu, na kwenye nyufa zilibaki alama za panga langu. Nilipopanda juu nilimuuliza mlinzi malori yamekwenda wapi. Akasema bosi alighairi zamani, hajengi tena.

"Hapo chini hakuna mtu ameguza kitu, mathe," akaniambia. "Ni wewe tu."