Kusafisha Kizazi Si Kukiondoa

Naikumbuka asubuhi ile Mutheu aliponibishia mlango kuniomba leso, kwa sababu zake zote zilikuwa zimelowa damu. Nakuhadithia haya, mwanangu, kwa kuwa mimba yako imeharibika, umeambiwa kesho ukasafishwe kizazi, nawe umekaa hapa unanificha machozi.

Tulikuwa majirani Kariobangi, chumba kwa chumba, yeye wa Machakos, mimi wa Bungoma, sote wageni wa mji na wageni wa ndoa. Mumewe, Musyoka, aliendesha lori la kiwanda kimoja huko Industrial Area. Wangu alikuwa kibarua huko huko. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni.

Mimba ya Mutheu iliharibika ikiwa changa. Tulidhani yamekwisha. Lakini damu haikukatika. Ikaanza kunuka, na homa ikampanda. Nilimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akasema mabaki ya mimba yamesalia ndani na lazima asafishwe, ila mumewe akubali kwanza. Ndivyo ilivyokuwa siku zile: mwili wa mke, kauli ya mume. Tukarudi nyumbani kumngoja.

Jioni Musyoka alipoingia, nilimweleza mwenyewe, Mutheu akiwa amejilaza kitandani.

“Kusafishwa?” akauliza. “Hiyo si ya wasichana wanaotoa mimba?”

“Shemeji, hata aliyeharibikiwa husafishwa.”

“Watamkwangua kizazi chote. Nitamwambia nini mama?”

Nilitaka kubishana naye, lakini Mutheu akafungua macho. “Wacha tu, Nekesa. Sitaki kuwa tasa. Damu itakatika yenyewe.”

Musyoka hakuwa mtu mbaya. Alinunua maini akamchemshia supu kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa ploti yetu hawakulifanya. Alikuwa amesikia maneno ya watu, akayaamini kuliko ya daktari. Nami kila nilipokwenda kumfulia mkewe, maji ya karai yalikuwa yanazidi kuwa meusi.

Kufikia Alhamisi Mutheu alikuwa akiweweseka. Aliniita kwa jina la dada yake. Hapo Musyoka alimbeba mgongoni hadi barabarani, akapata gari la kumfikisha hospitali. Walimsafisha jioni hiyo hiyo, lakini uchafu ulikuwa umeshaingia damuni. Alikata roho kesho yake mchana, mimi nikiisugua miguu yake ipate joto. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nililijua neno hilo tangu utotoni. Siku ile ndipo nilipoliona kwa macho.

Mwaka uliofuata, mimba yangu nayo ikaharibika. Mume wangu akasema tusikimbilie hospitali. Sijui nani alimpasha Musyoka habari. Aliingia bila hodi, akasimama mbele ya mume wangu.

“Unangoja nini?”

“Tuone kama itakatika.”

“Mimi niliingoja ikatike,” akasema Musyoka. “Mpeleke.”

Akarudi mlangoni. Alisimama pale mlangoni mpaka mume wangu alipovaa viatu.

Usidhani mimi nilikuwa jasiri. Hospitalini, muuguzi mmoja mtu mzima aliniona ninavyoogopa, akakaa kando yangu. Nikamuuliza kama wanapasua tumbo.

“Hawapasui,” akasema. “Utapewa dawa ya usingizi. Daktari atafungua mlango wa kizazi kidogo, atoe yaliyobaki kwa kifaa chembamba kama kijiko. Kizazi chenyewe kinabaki mahali pake.”

“Nitazaa tena?”

“Wengi huzaa. Siwezi kukuahidi, maana hakuna tiba isiyo na hatari yake. Lakini hatari kubwa ni hicho kilichobaki ndani.”

Nililala, nikaamka, tumbo likiuma kama la siku za mwezi. Basi. Nikalia sana kitandani pale. Niliilia mimba yangu, lakini nilimlilia Mutheu zaidi, kwa kuwa sasa nilijua ni jambo fupi namna gani ambalo lingemwokoa kama lingefanywa mapema.

Basi sikia, mwanangu. Kesho nenda. Wahenga walisema mficha uchi hazai, kwa hiyo mweleze daktari kila kitu, hata linalokuaibisha, na usilolielewa uliza mpaka ulielewe. Ukisharudi nyumbani, homa ikikushika, damu ikizidi au ikinuka, usiniulize mimi wala mumeo wala jirani; rudi hospitali saa hiyo hiyo. Watakaonong’ona, waache wanong’one. Midomo ile ile ndiyo iliyokuja kuimba matangani kwa Mutheu.

Mungu akulaze salama, akuamshe salama. Mikono itakayokugusa iwe na upole. Huyo uliyempoteza Mola ampokee, na wewe akuache kwetu uzeeke, uje unizike mimi, si mimi nikuzike wewe.