Samansi Mkononi mwa Bi Somoe

Siku yangu ya kwanza ya ukarani, katika baraza la Liwali, mahakama ya wenyeji pale Kilwa Kivinje, nilivaa kanzu iliyopigwa pasi ikakakamaa kama ubao. Karani Mkuu alinitazama juu hadi chini. "Wino ukiumwaga kwenye kanzu, utafua," akasema. "Ukiumwaga kwenye daftari la mashauri, utalia." Enzi zile za Mwingereza, daftari ndilo lililokuwa roho ya baraza: kushoto mdai, yaani anayeshtaki; kulia mdaiwa, anayeshtakiwa. Nililipenda kupita kiasi.

Baada ya miaka michache nikahamishiwa Lindi, chini ya Liwali mwingine, mzee mkali asiyepandisha sauti. Huko ndiko kanuni mpya za mashauri ya madai zilikonikuta. Bwana Shauri, ofisa Mwingereza aliyekagua mabaraza yetu, alituletea kijitabu. Wenzangu walipiga miayo; mimi nilikisoma kama barua ya mchumba! Zamani samansi, karatasi ya kumwita mtu barazani, ilitosha ikipokewa na mkubwa wa nyumba. Sasa ilitakiwa itiwe mkononi mwa mdaiwa mwenyewe. Tena, hukumu iliyotolewa mdaiwa hayupo iliweza kufutwa ikithibitika kwamba wito haukumfika.

Nikakihifadhi chote, kisha nikavuruga. Bi Somoe, mjane wa Kilangala, alishtakiwa na shemeji yake aliyedai shamba la mikorosho ambalo mjane huyo na marehemu mumewe walilipanda. Tarishi, mpeleka samansi wetu, alikuwa mgonjwa, nikaenda mimi. Mlangoni nikamkuta mjomba wa Bi Somoe. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Ningemruka nikampa karatasi mpwa wake, ningeonekana sina adabu. Nikampa mjomba. Daftarini nikaandika: "Mdaiwa amepokea."

Siku ya shauri Bi Somoe hakuonekana. Shamba akapewa shemeji.

Wiki iliyofuata mama huyo alisimama mbele ya meza yangu, jembe bado mkononi. "Mwanangu, wamenifukuza shambani kwangu. Mbona hamkuniita?"

Mjomba alikuwa nyuma yake, macho chini. "Niliificha mimi, karani. Niliona aibu jina la mpwa wangu litajwe mbele za watu. Nikadhani asipokwenda, shauri litakufa."

Niliingiwa na hofu na, sifichi, furaha. Kanuni ya kumwokoa nilikuwa nayo kichwani! Ila ingenibidi kwanza nijichongee mwenyewe. Nikaingia kwa Liwali.

"Shikamoo, Bwana Liwali. Nimeandika uongo daftarini."

"Marahaba. Unajua naweza kukufukuza leo hii?"

"Najua, Bwana. Lakini kanuni inaruhusu hukumu hii ifutwe."

"Nisomee."

Nikasoma. Akanirudisha mwanzo mara tatu. Mwishowe akasema, "Hukumu imefutwa, shauri litasikilizwa upya. Samansi utampelekea mwenyewe, mkononi. Na kuanzia leo wewe ni tarishi, mpaka nitakapokusamehe."

Nikatoka nimeshushwa cheo, na bado nilitamani kupiga vigelegele! Bi Somoe aliipokea samansi kwa mikono miwili. "Jina langu ni lipi hapa?" Nikamwonyesha, akaligusa kwa kidole. Siku ya shauri alieleza mti kwa mti, nani alichimba shimo na nani alimwagilia, na majirani wakashuhudia. Akashinda.

Ukarani nilirudishiwa baadaye, nikastaafu nikiwa Karani Mkuu. Vijana wa mahakamani hunijia wakilalamika kwamba kanuni zinabadilishwa kila uchao. Nawacheka, kisha nawaambia wamtafute mtu anayeumia kanuni mpya isipofuatwa, wataielewa upesi. Wangu namjua. Kazi mojawapo ya tarishi ilikuwa kuita majina barazani, na asubuhi shauri lile liliposikilizwa upya, kabla sijamaliza kuita la kwake, Bi Somoe alikwishasimama. "Nipo!"