Mimba Yangu ya Chupa pale Gare ya Kolwezi

Chekeni tu, maana mimi mwenyewe nikikumbuka naona haya mpaka masikioni, halafu haya ikiisha hasira inarudi palepale.

Nilikuwa mpimaji wa maabara katika hospitali moja ya mgodi, na wakati ule sisi wenye asili ya Kasai tulikuwa tumeambiwa tuondoke Kolwezi turudi “kwetu” (mimi niliyezaliwa Kolwezi, Kasai naijua kwa hadithi za baba!). Dawa zilikwisha, daktari wetu akatangulia Mbuji-Mayi, huko Kasai, mimi nikabaki na chupa moja. Ndani yake mlikuwa na seli za ngozi, nilizozikata mkononi mwangu mwenyewe. Nikiziweka kwenye kioo kitupu zilijikunja zikafa, lakini nikikipaka kioo kolajeni kwanza, yaani ule ute niliouyeyusha kutoka kano za mikia ya panya, zilishika, zikajinyoosha, zikaongezeka. Yule daktari alikuwa anatibu walioungua, na nikimfikishia seli zikiwa hai angenipa kazi. Bila joto la mwili zingekufa njiani.

Basi nikaifunga chupa tumboni kwa kitenge, pamoja na kifuko cha mikia (ningepata wapi panya wengine safarini?). Pale gare, kwenye stesheni ya treni, mkunga mmoja, Mama Ngalula, mfukuzwa kama mimi, akanitazama tumbo.

“Mama, iko miezi ngapi?”

Ningesema ni chupa. Nikasema, “Sita.”

Jamani! Wajawazito walikuwa wanapanda kwanza, basi nikasukumwa mbele ya wanawake wenye mimba za kweli, nikapewa mkeka, nikapewa uji, nikaunywa wote bila aibu, mpaka kijana mmoja wa wale waliotufukuza akaja kukagua mizigo na kushika tumbo langu (tumbo langu, mzigo!), nikaruka, kitenge kikafunguka, mikia ikamwagika miguuni pa watu.

“Mikila ya panya! Muloji!” watu wakapiga kelele, eti mikia ile ni ya uchawi na mimi ni mchawi.

Badala ya kukimbia nikaanza kuwafundisha akina baba wale kwamba ngozi hukua tu ikipata cha kushika: “Apana, batata, ngozi inakomea paka kama iko na kitu ya kushika…” Walicheka wote, waliofukuza na waliofukuzwa. Mama Ngalula peke yake hakucheka.

“Weye mama, tulikupatia nafasi ya benye mimba!”

Akanirudisha mwisho kabisa wa foleni, na haki ilikuwa yake, jambo linaloniuma mpaka leo. Yule kijana akaninyang'anya chupa, akaiinua juani.

“Hii njo ngozi ya nani?”

“Yangu. Ilikomea hapa Kolwezi.”

“Basi ibakie hapa.” Akaimwaga relini. Ngozi ikaruhusiwa kubaki, mwenye ngozi akafukuzwa!

Tangu siku ile nikiulizwa nimebeba nini nasema mara moja, hata ikiwa ni panya. Na nikiulizwa kwetu ni wapi, nakunja mkono wa blauzi naonyesha kovu: kipande kilichotoka hapa kiko Kolwezi.