Bwawa Lililochorwa Juu ya Ofisi

Kabla ya kuwa mwalimu wa watu wazima, Mama Tabaka alikuwa mchora ramani wa manispaa. Enzi hizo ramani ilichorwa kwa wino, na ukipiga chafya vibaya mtaa mzima unahama. Alichora mpaka mgongo ukaanza kuelemea upande mmoja. Kompyuta zilipoletwa, wenzake wote wa chumba cha michoro waliomba kustaafu. Yeye akaomba kufundishwa, na haukupita muda mrefu akawa ndiye anayefundisha.

Darasa lake lilikuwa ukumbi mdogo wa mikutano, ghorofa ya pili ya ofisi za manispaa. Projekta ilining'inizwa darini kwa mkanda wa suruali, na kila lori lilipopita barabarani mji uliokuwa ukutani ulitikisika kidogo. Wanafunzi walikuwa watu wenye vyeo na vipara: mhandisi wa barabara, mkaguzi wa majengo, wakuu wa maji na taka, na mwanasheria wa manispaa ambaye kila mtu alimwita Wakili. Ni watu ambao hawakuwa wameulizwa "umeelewa?" tangu walipomaliza chuo.

"Mji ni kama nguo mlizovaa," aliwaambia siku ya kwanza. "Ndani kuna fulana, juu yake shati, juu yake koti. Barabara ni tabaka lake, nyumba tabaka lake, maji tabaka lake. Ukitaka kujua mji umevaa nini, unayafunua moja moja."

Mhandisi akafunga kifungo cha koti lake taratibu. Kuanzia siku hiyo mwalimu akaitwa Mama Tabaka, na mumewe alipolisikia jina hilo nyumbani alicheka mpaka chai ikampalia.

Aliyempa kazi zaidi ya wote ni Wakili. Alikuwa mzee mpole, bingwa wa sheria za ardhi, amebakiza muda mfupi astaafu, na hakuwa ameshika kipanya cha kompyuta maishani mwake. Alipoambiwa asogeze mshale juu, alikinyanyua kipanya hewani mpaka usawa wa sikio. Wenzake waliuma midomo. Mama Tabaka hakucheka. Alisimama nyuma ya kiti chake wiki hadi wiki, akimwelekeza kwa sauti ya chini kama mtu anayemfundisha mgonjwa kutembea upya, mpaka siku moja Wakili akachora umbo lake la kwanza. Zoezi lilikuwa kuchora bwawa lolote, popote. Wakili alichora la mviringo, limebonyea ubavuni kama haragwe, akalitia rangi ya buluu, akalihifadhi. Kisha akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Mama Tabaka alifurahi kupita kiasi. Alimpigia makofi, darasa zima likafuata, na katika furaha hiyo hakuangalia kwamba Wakili hakuwa kwenye ramani ya mazoezi. Alikuwa amefungua ramani yenyewe ya manispaa, ile inayotumiwa na idara zote, na bwawa lake lilikuwa limekaa sawasawa juu ya jengo walimokuwa wameketi.

Katika mji mwingine lisingetokea neno. Lakini Mkurugenzi wa manispaa, akiona fahari kwa mafunzo yale, alikuwa ametoa agizo kwamba kuanzia sasa hakuna uamuzi utakaofanywa na idara yoyote ila kwa kufuata ramani ya kidijitali. Asiyeifuata atajieleza kwa maandishi. Na hakuna aliyependa kujieleza kwa maandishi.

Wa kwanza kutii walikuwa watu wa taka. Gari lao likaacha kuja ofisini, kwa kuwa dereva alipangiwa njia inayokwepa maji. Kisha watu wa barabara wakasimika kibao langoni: HATARI, KINA KIREFU. Wiki iliyofuata, Mama Tabaka alipokuwa akipanda ngazi kwenda darasani, alimkuta mkaguzi wa majengo kwenye korido akipaka alama kubwa ya X ukutani kwa rangi nyekundu. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira yaliyomfika magotini.

Alimuuliza anafanya nini. Mkaguzi alimjibu kwa heshima zote, maana alikuwa mwanafunzi wake bora, kwamba jengo hili lipo ndani ya maji, na sheria inakataza jengo lolote ndani ya mita sitini kutoka ukingoni. Litabomolewa.

"Na hayo mabuti?"

"Mwalimu, nimekuja kikazi," alisema mkaguzi. "Nisingeweza kuingia bwawani na viatu vya ngozi."

Mama Tabaka alitazama sakafu kavu, akatazama mabuti, akamtazama mkaguzi usoni. Halafu alikwenda darasani, akafungua kompyuta. Umbo lile la haragwe alilitambua kabla picha haijatulia. Akaketi. Hakulihofia jengo, alimhofia Wakili, ambaye siku hizi alikuwa akitembea koridoni kifua mbele kama bwana harusi.

Alikata shauri asimtaje. Alikwenda kwa Mkurugenzi, akaeleza tu kwamba bwawa limechorwa kwa makosa wakati wa mazoezi na yeye mwenyewe anaweza kulifuta sasa hivi kabla chai haijapoa. Mkurugenzi alimsikiliza, akamwita Wakili atoe ushauri. Wakili alikuja na kitabu cha sheria. Alisema kwa masikitiko kwamba maji yakishaingia kwenye ramani yanalindwa. Kulifuta bwawa ni kuharibu chanzo cha maji, na adhabu yake ni kifungo. Kufuta kunahitaji kibali cha ofisi ya mazingira, na ofisi hiyo itataka kujua maji yamekwenda wapi.

Alizungumza bila kumtazama Mama Tabaka. Shingoni jasho lilimtiririka, na hapo Mama Tabaka akajua kwamba Wakili anajua bwawa ni la nani.

Basi mambo yakaenda. Wafanyakazi walihamishwa, kwa kuwa ni hatari kwa watumishi kukaa majini. Meza zilipangwa ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja wa maegesho, na makarani wakafanya kazi wakiwa wamekalia faili ili upepo usizichukue. Kwa kuwa eneo la maji lililo wazi kwa umma lazima liwe na mwokoaji, aliajiriwa mwokoaji. Aliketi mlangoni pa ofisi na filimbi na boya la rangi ya machungwa. Mtu akija kuchukua cheti cha kuzaliwa kilichosahaulika ndani, mwokoaji alimuuliza kwanza kama anajua kuogelea. Wasiojua walirudishwa. Wanaojua waliingia mmoja mmoja.

Mume wa Mama Tabaka, nesi mstaafu asiyependa makuu, alikuja siku moja kumletea mkewe chakula cha mchana akitaraji kumkuta darasani. Mwokoaji alimpigia filimbi mlangoni. Jioni nyumbani alimwuliza mkewe kwa upole huko kazini kwao wanakunywa nini.

Mtaalamu wa ofisi ya mazingira alipofika kulikagua bwawa, Mama Tabaka alipata matumaini. Alikuwa mtu makini. Aliingiza fimbo yake ya kupimia katikati ya zulia la ukumbi, akasoma, akaandika: kina, sifuri. Akaingiza tena karibu na dirisha: sifuri. Ripoti yake ilisema bwawa limekauka kwa kasi ya kutisha. Mkurugenzi akaunda kamati ya kumtafuta aliyelikausha, na mkuu wa idara ya maji akaanza kuja kazini na kaka yake ambaye ni mwanasheria.

Hapo Mama Tabaka akaona kunyamaza kutampeleka mtu pabaya. Aliomba ruhusa ya somo moja tu, la vitendo. Aliwakusanya wanafunzi wote nje ya jengo, kila mmoja na ramani mkononi, akawaambia wautafute ukingo wa bwawa kwa miguu, waingie, kisha wamweleze wanachokiona.

Alitegemea wataona majani, changarawe, na baiskeli ya mlinzi. Lakini walipofika kwenye mstari wa buluu walisimama wote. Mhandisi alivua saa. Mkuu wa taka alipandisha suruali. Mkaguzi, mwenye mabuti yake, ndiye aliyetangulia, na wenzake wakamfuata polepole, wakinyanyua miguu juu. Mmoja alilalamika kwamba ni baridi.

Wakili peke yake hakuingia. Alibaki amesimama ukingoni na ramani yake imekunjamana kifuani. Mama Tabaka akamsogelea.

"Wakili, kuna jambo?"

"Ni langu," alisema. "Nilijua tangu siku gari la taka lilipokosa kuja. Nilitaka kusema. Lakini Mama, ndicho kitu pekee nilichowahi kuchora. Mke wangu nilimwonyesha kwenye simu. Wajukuu niliwaonyesha."

Mama Tabaka hakumlaumu. Alimwambia ni bwawa zuri, tena ukingo wake umechorwa kwa mkono uliotulia kuliko wa mhandisi, na tatizo ni mahali tu. Kisha akamuuliza, kwa kuwa yeye ndiye mwenye sheria, kama kuna sheria inayokataza bwawa kuhama.

Wakili alifikiri. Uhai ukaanza kumrudia machoni. Alisema kufuta kumekatazwa, kujaza kumekatazwa, kukausha kumekatazwa. Kuhama hakukutajwa popote.

Wakapanda ghorofa ya pili, mwokoaji akiwahesabu. Nyuma ya soko kulikuwa na bonde ambalo kila mvua iliponyesha liligeuka ziwa, wakazi wake wakilala juu ya meza, na miaka yote manispaa iliwajibu kwamba kwenye ramani hapo ni pakavu. Wakili aliingiza nywila yake, maana aliyechora ndiye aliyeruhusiwa kusogeza. Akalikamata bwawa kwa kipanya, akalivuta juu ya barabara, juu ya shule, juu ya soko, ulimi ukiwa umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo, akaliweka bondeni. Mama Tabaka alimwonyesha namna ya kulinyoosha likae vizuri.

Mkurugenzi alitangaza kwamba bwawa limekubali kuhama. Kamati ilivunjwa, makarani wakarudisha meza, na kwa agizo lile lile la kufuata ramani, watu wa bondeni wakapewa viwanja vipya mtaa wa juu na mfereji ukaanza kuchimbwa. Hakuna aliyewahi kuwasikiliza hivyo. Mama mmoja wa bondeni alikuja ofisini kushukuru, akauliza aliyewaletea bwawa ni nani. Wakili alijificha chooni.

Mvua ziliponyesha, Mama Tabaka alikwenda bondeni kutazama. Alimkuta Wakili amesimama matopeni, viatu mkononi, akilinganisha simu yake na maji yaliyo mbele yake. Uso ulikuwa umemsawajika.

"Mama, yamevuka mstari wangu," alisema.

"Basi tutachora upya."

"Au tuyaandikie notisi yarudi?"

Mama Tabaka alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Akamvuta mkono wa koti, wakaanza kuuzunguka ukingo mpya polepole, naye akamweleza tena tangu mwanzo maana ya tabaka, huku mwokoaji, aliyehamishiwa huko pamoja na boya lake, akiwapigia filimbi wasogee mbali na maji.