Nyayo Tano za Bonaya

Saa mbili asubuhi mjini Garsen, na Enos Buya keshapiga magoti vumbini mbele ya kibanda chake cha akala, viatu vya matairi makuukuu. Chini kuna kipande cha boksi. Juu ya boksi kuna mguu mkubwa wa kulia. Biro imesimama wima mkononi mwa fundi, lakini bado haijagusa kitu.

"Kanyaga sawasawa, ndugu yangu. Uzito wote," anasema.

"Mimi nakanyaga, fundi. Ni wewe natetemeka," anajibu kwa Kiswahili chake cha malishoni mwenye mguu, Bonaya, mfugaji wa Kiorma mwenye umri wa miaka arobaini na mitano. Wanacheka wote wawili, kicheko kifupi kisicho na raha.

Wana haki ya kuogopa. Mguu wa mtu mzima haukui, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Wa Bonaya ulikua kwa miaka sita, na kilichoukuza nusura kimpofushe. Ni mwaka mmoja na nusu sasa tangu apasuliwe, na juma hili kichwa kimemuuma tena siku mbili mfululizo. Damu yake imeshapelekwa maabara, majibu bado. Yeye hakuweza kungoja. Amekuja kwa fundi wake.

Enos, miaka hamsini na miwili, ni Mpokomo wa Chara. "Baba alitaka nilime mpunga," anasimulia. "Mafuriko ya mwaka tisini na saba yakala shamba lote. Nikashika tairi, na tairi halijawahi kuniacha."

Jozi moja ya akala anaiuza shilingi mia nne na hamsini. Siku njema huuza nne. "Siku mbaya narudi nyumbani na salamu za watu tu," anasema, na kwa jinsi anavyolisema utajua mkewe amelisikia sana.

Wateja wake wengi ni wafugaji, na mfugaji hapatikani. Leo yuko hapa, kesho kafuata majani. Akala zikimchakalia huko porini hutuma pesa kwa mtu anayekuja mjini, basi. Kwa hiyo Enos ana desturi yake: kila mteja humchora wayo kwenye boksi, huandika jina na tarehe, kisha huutundika kwenye waya ukutani. Oda ikija, huchukua wayo na kukata tairi. Hutupi wayo wa mteja, anasema, hata akikupa mpya.

Ndivyo alivyomshonea Bonaya tangu mwaka 2017. Mwaka 2019 mteja akarudi akilalamika kwamba zinabana. Enos akamchora upya. Mwaka 2021, tena. Mwaka 2023 Bonaya akaja mbio, akazitupa akala mpya juu ya meza mbele ya watu.

"Wewe naiba tairi yangu! Kila mwaka nakata ndogo!"

Fundi kuitwa mwizi sokoni! Enos alipandwa na hasira. Akamchora tena palepale, kisha akazishusha boksi zote nne na kuzipanga moja juu ya nyingine ili umma uamue nani mwongo. Nyayo nne za mtu mmoja, kila mmoja umeuzidi uliotangulia. Kutoka wa kwanza hadi wa nne, sentimita mbili na nusu.

"Jamani, njooni muone!" Enos akapaza sauti. "Mtu na ndevu zake bado anakua!"

Soko zima likaangua kicheko. Bonaya akaokota fimbo yake, akaondoka peku.

Katika delta hii mkulima na mfugaji wamewahi kuumizana vibaya kwa sababu ya maji na malisho. Mpokomo kumcheka Mworma hadharani si mzaha mdogo. Enos alilijua hilo, lakini siku ile, anakiri, utamu wa kushinda ulimzidi akili.

Juma moja baadaye alikuja Kadra, afisa wa kliniki aliye katika timu ya utafiti wa maradhi ya homoni inayozunguka zahanati za delta. Alitaka tu mkanda wa mkoba ushonwe. Enos akampigia ile hadithi kama kichekesho cha mwaka.

"Nilikuwa nangoja acheke," anasema Enos. "Hakucheka. Aliomba aone zile boksi. Halafu akaniuliza, meno yake yameachana? Anatoka jasho jingi? Nikaacha kucheka mimi, maana yote yalikuwepo."

Kadra analieleza jambo hili bila makuu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, kiasi cha punje ya mbaazi. Pamoja na kazi nyingine, hutoa homoni ya kukuza mwili. Uvimbe ukiota hapo, homoni hufurika. Mtu mzima hawezi kurefuka tena, kwa hiyo kinachopanuka ni mikono, miguu na taya. Uvimbe ukizidi, hubana mishipa ya macho.

"Mara nyingi si saratani, lakini si mgeni wa kumlea," anasema. "Na huja polepole mno. Mke anamwona mumewe kila siku, hawezi kuona tofauti. Fundi alikuwa anauona mguu mara moja baada ya miaka miwili."

Sasa ikawa kazi. Bonaya alikuwa amehamishia mifugo upande wa Ndera, na simu za Enos hakupokea hata moja. Kadra alitaka kwenda mwenyewe. Enos akakataa. "Nilimwambia, daktari, aliyemtukana ni mimi. Ukitangulia wewe, atadhani tumepanga kumcheka wawili."

Akakata jozi mpya kwa wayo wa nne, akapanda bodaboda nusu siku. Bonaya alimwona akija, akampa mgongo.

"Umenicheka mbele ya soko. Sasa nakuja kunicheka mbele ya bibi yangu?"

"Nimekukosea," Enos akamwambia. "Mama yangu alinifunza, hujafa hujaumbika, nami nikasahau. Vaa hizi kwanza, halafu unifukuze."

Akapiga magoti, akamvisha mwenyewe. Zilimkaa barabara. Akiwa bado magotini, akamweleza aliyoyasema Kadra. Hapo ndipo Qabale, mkewe Bonaya, alipotoka ndani na kusema yaliyokuwa yamemkaa moyoni. Pete ya fedha ya mumewe walikuwa wameikata kwa msumeno. Ndama akipita kando, hamwoni.

"Mimi nasema ni uzee," alisema Qabale.

"Miaka arobaini na tatu ni uzee?" Bonaya akang'aka.

"Mtu akijigonga kwenye mlango wake mwenyewe kila siku, mimi niite nini?"

Hakuna aliyecheka. Bonaya alizitazama akala mpya miguuni mwake. Kisha akauliza bodaboda ya Enos inabeba watu wangapi.

Damu ilipimwa, na picha ya kichwa ikapigwa jijini Nairobi. Uvimbe ulikuwepo, tayari unasukuma mishipa ya macho. Bima ililipa sehemu ya gharama za upasuaji, ng'ombe kumi na mmoja wakalipa iliyobaki. "Mimi nadhani watapasua kichwa kama nazi," anasema Bonaya. "Kumbe napita puani!" Leo ndama akipita kushoto anamwona, na kulia pia.

Watafiti nao walikuwa na shida yao. Ili kujua ugonjwa huu ulianza lini, kwa kawaida hutazama picha za zamani za mgonjwa. Picha ya pekee ya Bonaya ni ya kitambulisho. Enos alikuwa na boksi nne zenye tarehe. Zilipigwa picha na kupimwa, na sasa ni sehemu ya utafiti.

Tangu hapo fundi naye ana kazi ya pili. Siku mbili kwa mwezi huketi katika zahanati, Tarasaa au kwingineko, kwa malipo ya shilingi elfu moja na mia tano kwa siku. Huchora nyayo na kuuliza swali moja: "Viatu vyako vimeanza kukubana lini?" Amechora watu mia mbili na kumi na wawili. Wawili walipelekwa kupimwa, na mmoja, mama muuza samaki, alikutwa na uvimbe ungali mdogo.

"Wengine wananiita mganga wa miguu," anasema. "Waache waite. Mimi nilishacheka mara moja, zamu yao sasa."

Kibandani, biro imeanza kutembea. Inazunguka kisigino, inapanda ubavuni, inapita kidole kwa kidole. Kadra amefika na kusimama pembeni. Ameshamwambia Bonaya kwamba hakimu ni damu, wayo ni shahidi tu.

"Karatasi ya damu mimi sijui kusoma," Bonaya alimjibu. "Wayo wangu najua."

Enos anaukata wayo wa tano kwa mkasi. Anaushusha wa nne kutoka kwenye waya. Anaupuliza vumbi, anaviweka vipande viwili pamoja, kisigino kwa kisigino, na kuvinyanyua juani mbele ya Bonaya ili aone mwenyewe.

Hakuna ukingo uliojitokeza. Kwenye kidole gumba, ule mpya umerudi ndani kidogo, kiasi cha unene wa kucha.

Bonaya anapitisha kidole pembeni, mzunguko mzima, polepole. Anarudia. Kisha anajifuta macho kwa ncha ya shuka wala hajifichi.

"Basi nikate jozi, fundi," anasema. "Lakini chagua tairi ya lori. Ile nzito."

Enos anataka mwakani afundishe mafundi wa akala wengine wanne kutunza nyayo zenye tarehe. Lakini hilo ni la mwakani. Sasa hivi ananoa kisu.

"Miaka sita akala zangu zimekufa mguuni mwa mtu huyu zikiwa mpya," anasema. "Hizi nataka zichakae."