Baba mkwe juu ya mti, jirani chini yake

Leo baba mkwe wangu amesikia kwa masikio yake anavyosemwa, na sikuweza kumwokoa mtu.

Mzee ni Mbelgiji, mwindaji. Ngazi yake ya kupandia mti hufungwa kwa mikanda yenye vyuma. Vyuma vikigongana tu, nguruwe pori wameshakimbia.

Nikamwambia, Baba, tuweke kamba.

Nikatoa mikanda yote, nikafunga kwa lile fundo tunalofungia magunia ya mkaa kwenye baiskeli kwetu Morogoro.

Hakuniamini. Akasema tujaribu kwanza bustanini, hapa Ganshoren, huku kwao Ubelgiji.

Akapanda kimya, akakaa katikati ya majani.

Ndipo akatokea Maman Béa, jirani yetu wa kutoka Lubumbashi, na beseni la nguo. Akasimama chini ya mti uleule.

"Ule muzee wako, miaka mbili niko jirani yake, hata bonjour hanipatiake. Imbwa yangu ndiyo anasalimia. Miye hapana."

Nikakohoa. Nikamkonyeza. Wapi.

Sasa, mzee alikulia Lubumbashi. Maman hakulijua hilo.

Sauti ikatoka juu: "Jambo, maman."

Beseni chini, nguo zote nyasini.

Mzee akashuka, uso umemwiva, akanigeukia mimi kwanza: "Kamba ni muzuri. Hakunisikia hata kidogo."

Maman akiokota nguo: "Na miye, miaka mbili niko hapa. Haukunisikiaka."

Jamani, ningefanyaje? Semeni.

Sasa hivi wako jikoni na kahawa, wanacheka Kiswahili changu cha Morogoro.

Mbwa wa Maman yuko mlangoni. Leo hajasalimiwa na mtu.