Mtu anayenishikia kamba

Leo nimeshushwa kisimani na mtu niliyemtukana mtandaoni.

Jana, kwenye kundi la mashabiki wa Kenya, jamaa mwenye jina la kigeni aliandika, "Timu yetu imetuaibisha." Nikamjibu, "Yenu na nani? Mkimbizi wewe, rudi kwenu."

Asubuhi hapa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nimeshajifunga kamba nishuke kuchimba, Mrefu akanionyesha maneno yangu kwenye simu yake. Ndiye hunishikia kamba, mwaka wa pili sasa. Jina lake halisi sikuwahi kumuuliza.

"Fundi, mimi nimezaliwa hapa. Wewe umetoka Busia. Nirudi wapi?"

Nikashika kamba, nikaingia shimoni.

Akanishusha polepole, kama siku zote.

Saa sita akanivuta juu, akanipa maji. Msamaha sijaomba bado.

Nyinyi mngeanzaje?